Je, Jasho Ndilo Kipimo cha Upendo?

Ukitaka kujua watu wanaamini nini, usiwaulize habari za dini wala za siasa. Huko kila mtu ana majibu aliyokwisha kuyakariri. Wewe kaa kimya, wasikilize wanavyosema juu ya chakula cha mgeni. Hapo ndipo imani zao zinapotoka zikiwa uchi.

Hapa mtaani kwetu kuna mke kijana aliyetembelewa na wakwe. Mama mkwe, mawifi wawili na shemeji mmoja mwenye maneno. Yule binti hakupika pilau, wala hakukaanga kuku akaunga mchuzi pembeni. Alipanga mchele, vitunguu na nyanya katika trei, akalaza vipande vya kuku juu yake, akamwaga supu ya moto, akafunika, akasukuma ndani ya oveni. Kisha, na hili ndilo lililowaudhi zaidi, akanawa mikono, akaja kukaa na wageni sebuleni. Akawauliza habari za shamba, habari za mguu wa baba mkwe, habari za mtoto aliyeanza darasa la kwanza. Baada ya saa moja na kidogo akatenga. Watu walikula, wakaongeza, wakakwangua hadi ukoko. Lakini walipofika barazani maneno yakaanza. "Chakula cha kutumbukiza tu! Ndiyo heshima hiyo? Hata jasho halikumtoka."

Hata jasho halikumtoka. Ndugu msomaji, shtaka si kwamba chakula kilikuwa kibichi, au kidogo, au kimezidi chumvi. Shtaka ni kwamba kilikuwa rahisi. Basi swali langu ni hili: je, kitu kilichotolewa bila taabu kina upendo mdogo kuliko kile kilichotolewa kwa taabu? Unaweza kudhani ni swali la wanawake na masufuria. Mimi nasema ni swali la maadili, tena zito, na linatuhusu sote, hata sisi tunaojiita waandishi.

Kwanza tumsikilize mshtakiwa, maana haifai kuhukumu chakula usichokijua. Kuku mmoja wa kisasa hukatwa vipande vinane. Unampaka chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa, unamwacha kidogo akolee. Mchele vikombe viwili unachambuliwa, unaoshwa, unamwagwa kwenye trei yenye kina. Juu yake vitunguu maji, nyanya, karoti, hoho na pilipili manga. Unaongeza supu au maji ya moto vikombe vinne, unalaza kuku juu, ngozi ikitazama mbinguni. Unafunika kwa foili, unabana pembe zote mvuke usipate pa kutorokea. Moto nyuzi 180, karibu saa moja. Kisha unafunua na kurudisha dakika kumi au kumi na tano ili ngozi ipige rangi. Unachoma paja karibu na mfupa: maji yakitoka mekundu, rudisha; yakitoka meupe, tenga.

Mambo yanayotendeka humo ndani ni ya ajabu kidogo. Katika sufuria ya kawaida moto unatoka chini peke yake, ndiyo maana inabidi usimame na mwiko. Katika oveni joto linazunguka pande zote, hivyo hakuna haja ya kukoroga. Mchele unakunywa supu taratibu, mafuta ya kuku yanashuka yenyewe na kuingia katika wali. Kazi ambayo mkono ungeifanya, joto linaifanya. Mpishi hajaitoroka kazi. Ameipangia mtu mwingine, na mtu huyo ni moto.

Usiniambie kwamba huo ni uzungu. Ni kweli, vyakula vya trei vilienea sana Marekani, na makampuni ya vyakula yalivisukuma. Kampuni ya Campbell's ilianza kuuza supu nzito ya uyoga ya kopo mwaka 1934, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, na akina mama wa huko wakaifanya kuwa rojo la kila trei. Mwaka 1955 mpishi wa kampuni hiyohiyo, Dorcas Reilly, pamoja na wenzake, walibuni trei ya maharage mabichi iliyokuwa maarufu nchi nzima, shabaha yao ikiwa chakula kinachopikika kwa vitu ambavyo mtu tayari anavyo kabatini. Hayo ni ya kwao. Lakini sisi tunalo neno letu: kupalia. Bibi zetu walipokwisha kukausha maji ya wali walipunguza makaa chini, wakayaweka mengine juu ya mfuniko, kisha wakaenda zao kukaa mkekani. Sufuria yenye moto chini na juu ni nini kama si oveni? Mpaka leo, asiye na oveni anaweza kukipika chakula hikihiki kwa sufuria nzito, makaa machache chini na mengi juu. Akiwa na kuku wa kienyeji amchemshe kwanza, maana yule ana misuli ya mtembezi. Mchele utaiva na yeye bado anabishana. Na maji aliyochemshiwa ndiyo supu yenyewe.

Kwa hiyo hatugombani juu ya ugeni wa chakula. Tunagombania ule muda wa kukaa mkekani.

Sasa tuwape haki yao watu wa barazani, kwa sababu hoja yao si ya kijinga. Wanasema hivi: maneno ni rahisi, kila mtu anaweza kusema karibu. Muda ndiyo mali pekee ambayo hata maskini anayo na hata tajiri haongezewi. Mtu anapoamka alfajiri kukuna nazi, kuchuja tui zito na tui jepesi, kukaanga vitunguu mpaka viwe kahawia, kusimama juu ya moto macho yakimtoka machozi, anakupa kipande cha maisha yake ambacho hakitarudi. Ukila unamla na yeye kidogo. Chakula chepesi hakina kipande hicho. Ndiyo maana pilau ya harusi inayokesha ina uzito ambao mkate wa dukani hauna, hata kama mkate ni mtamu.

Wanafalsafa nao wanaweza kuitwa kutoa ushahidi upande huo. Immanuel Kant, Mjerumani, katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili, alimtazama mtu anayewasaidia wenzake kwa sababu tu moyo wake unapenda kusaidia. Kitendo hicho kinapendeza, alisema, lakini thamani yake ya kimaadili haijaonekana bado. Inaonekana pale ambapo mtu huyohuyo amejaa huzuni, hana hamu na mtu yeyote, na bado anasaidia kwa kuwa ni wajibu. Wengi wanalisoma hilo na kuhitimisha: aha, kumbe wema wa kweli ni ule unaouma!

Hapo ndipo ninapokataa. Kant alisema wajibu, hakusema uchovu. Ugumu kwake ulikuwa kama taa inayotusaidia kuona nia iliyokwishakuwamo. Haukuwa nia yenyewe. Ukichukua taa ukaiita hazina, utazunguka nchi nzima ukikusanya taa.

Aristotle, zaidi ya miaka elfu mbili kabla yake, alilisema jambo hili kwa upande mwingine. Kwake yeye mtu mwema ni yule ambaye kutenda mema kunampa furaha. Anayetoa huku akisononeka bado hajawa mkarimu, anajilazimisha tu. Mfikirie mpishi anayepika saa sita huku akigonga masufuria, akisonya, akimfokea mtoto, na kila mgeni akisikia kutoka sebuleni. Jasho lipo, tena ndoo nzima. Upendo uko wapi? Na mfikirie yule aliyepanga kazi yake vizuri, akabaki na uso wa kumtazama mgeni. Yupi kati yao ametoa?

Hata ukienda kwa Karl Marx, mzee aliyeandika kurasa nyingi kuliko wote juu ya jasho, hupati msaada. Katika kitabu chake cha Capital cha mwaka 1867 aliliona swali hili mapema: kama thamani ya kitu inatokana na kazi iliyoingia ndani yake, je, kitu cha mvivu anayechelewa ndicho chenye thamani kubwa? Akajibu hapana. Kinachohesabika ni kazi inayohitajika kwa kawaida katika jamii husika. Saa unazopoteza kwa sababu hukutaka kutumia njia bora haziingii kwenye kitu. Zimepotea. Marx alikuwa anasema juu ya soko, sisi tunasema juu ya upendo, najua. Lakini akili ni ileile: taabu isiyo na sababu haigeuki kuwa mali kwa kuwa tu imekuumiza.

Sasa nifike mahali panapouma, na wanaume wenzangu mniwie radhi. Tunaposifu jasho la mpishi, tunasifu jasho la nani? Mara nyingi anayelisifu amekaa kibarazani, miguu juu ya stuli, akisubiri kuitwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo watu wengi wanalikumbuka kwa habari ya kutaifisha mabenki, lilisema wazi jambo ambalo hatupendi kulikumbuka: kwamba vijijini wanawake wanafanya kazi sana, wakati mwingine saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, huku wanaume wengi wakipumzika sehemu kubwa ya maisha yao. Azimio hilohilo halikuishia kwenye juhudi. Lilitaka juhudi pamoja na maarifa, likatoa mifano ya jembe kubwa badala ya jembe dogo, na plau ya kukokotwa na ng'ombe badala ya jembe la mkono. Hakuna aliyesimama kusema mahindi ya plau hayana upendo kwa watoto wetu. Mwanaume akirahisishiwa kazi tunaita maendeleo. Mwanamke akirahisisha kazi tunaita uvivu. Hebu niambie, ndugu yangu, hiyo ni falsafa au ni ujanja?

Na jasho lenyewe si shairi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majiko majumbani ulihusika na vifo vya watu milioni 3.2 duniani. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi unaotaka asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Yale macho mekundu ya mama tuliyoyasifu tangu utotoni kama alama ya mapenzi yake, daktari anayaona kama alama ya kitu kingine. Mama alitupenda, sibishi. Lakini alitupenda licha ya moshi, si kwa njia ya moshi. Ukichanganya mambo hayo mawili utafika mahali pa kumnyima mama jiko la gesi ili usipoteze ushahidi kwamba anakupenda.

Angalia pia kile ambacho jasho linachukua. Katika nyumba nyingi mgeni anakuja kumwona dada yake, anakaa saa tano, anaondoka bila kumwona. Dada alikuwa jikoni. Kila baada ya nusu saa alichungulia, "Karibuni jamani, msijali, karibu naiva," akarudi kwenye moshi. Pilau ilikuwa nzuri. Lakini yule mgeni alikuwa na neno, pengine la ndoa inayovunjika, pengine la ugonjwa, na neno lile likarudi naye kwenye daladala. Tulimpa chakula tukamnyima masikio. Huo nao ni uchoyo, ila umejificha nyuma ya sahani iliyojaa.

Hata hivyo nisije nikageuka mpiga debe wa oveni. Urahisi nao una mashtaka yake, na lililo kubwa ni hili: rahisi kwa nani? Wahenga wamesema ukiona vyaelea vimeundwa. Trei ikiingia motoni kwa dakika kumi za kazi yangu, kazi nyingine imefanywa na watu nisiowaona. Mchele wa Kyela au wa Mwea haukujiotesha. Mtu alisimama majini akapandikiza mche mmoja mmoja, mwingine akafukuza ndege kuanzia alfajiri hadi jioni. Kuku wa kisasa niliyemkuta ameshanyonyolewa alikuzwa kwa wiki kama sita hivi, na kuna kijana sokoni aliyemchinja, akamtumbukiza kwenye maji ya moto, akamnyonyoa, akapewa sarafu. Na katika nyumba nyingi za mjini kuna msichana ambaye ndiye "urahisi" wenyewe. Bibi mwenye nyumba anasema kupika siku hizi kazi ndogo, wakati vitunguu vimekatwa na mtu ambaye hataitwa mezani.

Basi urahisi ni dhambi pale unapopatikana kwa kuwabebesha wengine halafu tukawasahau. Urahisi wa moto hauna deni: oveni haichoki wala haidai mshahara. Urahisi unaotokana na binadamu mwenzako una deni, na deni hilo hulipwa kwa bei ya haki, kwa kumwita jina lake na kwa kumpa sahani. Nadhani tofauti hiyo ni muhimu kuliko ile ya chakula cha haraka na chakula cha kukesha.

Shtaka la pili ni kulipua. Kuna watu wakisikia "rahisi" wanaelewa "vyovyote vile". Anamwaga maji bila kupima, mchele unakuwa uji. Hafuniki vizuri, mvuke unatoroka, juu kunabaki punje kavu kama changarawe. Hachomi paja, analeta mezani kuku mwenye damu mfupani, wageni wanaondoka na matumbo. Huyo hakurahisisha kazi, ameiiba. Chakula hiki kinakusamehe mikono lakini hakikusamehi akili. Dakika zako ni chache, ndiyo, ila katika dakika hizo lazima uwepo kweli. Ukikosea maji mwanzoni huna mwiko wa kujitetea nao baadaye.

Hapo ndipo ninapopata jibu langu. Kipimo cha upendo ni uangalifu. Jasho mara nyingi huandamana na uangalifu, kwa hiyo tumezoea kuona moja na kudhani ndiyo lingine, kama mtu anayeona moshi akasema ameona moto. Lakini vinaweza kuachana. Kuna jasho lisilo na uangalifu, la kazi za fujo na kelele. Na kuna uangalifu usio na jasho: kukumbuka kwamba mgeni mmoja hali pilipili, kwamba mtoto anapenda bawa, kwamba babu hana meno ya kidari na wali wake uchukuliwe upande uliolowa. Hivyo havitoki kwenye misuli. Vinatoka kwenye kumfikiria mtu kabla hajafika.

Na kama unataka kupima maadili ya nyumba, usitazame muda wa kupika. Tazama ugawaji. Trei ina sifa moja ambayo sufuria haina: kila kipande kimelala mahali pa wazi, juu ya wali, kinaonekana na wote. Hakuna kuchovya upawa gizani ukamtolea fulani paja na fulani shingo. Katika nyumba nyingi mapaja na firigisi vina wenyewe tangu kuku akiwa hai, na aliyesimama jikoni ndiye anayebaki na mgongo. Ukipika saa sita kisha ukagawa kwa dhuluma, zile saa sita hazikusafishi.

Nimesema jambo hili linatuhusu waandishi, na sikuwa natania. Sisi vijana tunaoandika tuna ugonjwa uleule wa barazani. Tukikutana hatuulizani hadithi inasema nini, tunatambiana mateso. Mwingine ameandika mara kumi na mbili. Mwingine amekesha kwa mshumaa. Mwingine ameacha kula. Kana kwamba msomaji atakapofungua kitabu ataona mahesabu ya usingizi tuliokosa! Msomaji hali jasho letu. Anakula kilichomo ndani ya sahani. Ukurasa uliotoka kwa nusu saa ukiwa kweli ni ukurasa, na uliotoka kwa mwezi ukiwa uongo ni uongo uliochelewa. Ila na kinyume chake kipo, wale wa kulipua: anaandika leo, anapeleka kesho, hajachoma paja kuona kama damu imekauka. Huyo naye asijifiche nyuma ya neno kipaji.

Najua kuna atakayesema ninavunja mila. Sivunji. Siku ya harusi ya dada yangu nitataka pilau ya masufuria makubwa na watu wa kukesha nayo, kwa sababu kukesha kule ni sehemu ya sherehe: majirani wanakutana, wanacheka, wanasutana, wanapatana. Pale kazi yenyewe ni mkutano. Taabu inayowakutanisha watu ina maana. Taabu inayomfungia mtu mmoja jikoni huku wengine wakipiga soga, hiyo naiita kwa jina lake, ni adhabu. Na adhabu haifai kuitwa upendo, hata kama anayeiadhibu nafsi yake amefundishwa kuipenda.

Wenzangu wa barazani wana jambo moja ambalo sijaweza kulijibu lote, na ni vizuri niliache mezani. Wanasema binadamu hawezi kuuona moyo, kwa hiyo anahitaji alama, na jasho lilikuwa alama inayosomeka na kila mtu. Tukiliondoa, mgeni atajuaje kwamba amependwa? Mimi naona atajua kwa kuwa mwenyeji alikaa naye, akamsikiliza, akakumbuka hali pilipili. Lakini nakiri alama hizi ni ndogo, hazina harufu ya vitunguu vya kukaangwa inayofika mpaka barabarani. Zinataka mgeni naye awe mwangalifu ili azione.

Nimesema yangu. Wewe, msomaji, utasemaje?